Mnyama wa Msamaria

Mtu akitoka Moshi mjini, akapita Kiboriloni na kuanza kupanda kuelekea Kidia, masikio huziba kidogo na hewa hubadilika. Chini ameacha jua na vumbi. Juu anakuta migomba, kahawa na mifereji inayotiririka kando ya njia. Ni nchi nzuri, na tunamshukuru Mungu aliyetuweka hapa. Lakini njoo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, utaona upande wake wa pili. Barabara kubwa hupitika. Njia za kuingia mitaani, kule ziliko nyumba zetu, ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Mgonjwa akizidiwa usiku, teksi haipandi. Atabebwa kwa machela ya miti na shuka, au atapakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na ndugu yake wa kumshika asianguke.

Ndiyo maana wazee wetu waliobahatika kupata fedha ya kahawa walipenda sana Land Rover. Ile tunayoikumbuka wengi, ya mfululizo wa tatu, ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971. Mwaka huo huo hospitali yetu ya KCMC ilifunguliwa pale Moshi, chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja: hospitali ikiwa chini, Land Rover ikiwa juu, na kati yao mteremko.

Sisi tunaoandika ni watu sita wa jumuiya moja. Yumo mwalimu wa shule ya msingi, mwashi, muuguzi mstaafu, mama mwenye duka, kijana wa bodaboda, na mzee wa kanisa aliyewahi kuendesha lori la shule zamani. Hakuna fundi wa magari kati yetu. Tumeombwa tuandike habari za imani, na tumekubaliana kuandika habari za gari, kwa sababu kwa miaka miwili imani yetu ilipimwa hapo.

Gari lenyewe lilikuwa la mjane mmoja wa mtaa wetu. Lilikaa chini ya mparachichi miaka kumi na moja tangu mumewe alipofariki. Konrodi ilikatika ikatoboa bloku, na injini ya namna ile haikupatikana tena kwa bei ya mtu wa kawaida. Kuku walikuwa wakitaga nyuma, penye mabenchi. Siku moja baada ya ibada ya jumuiya mama yule alitusimamisha akasema: "Wanangu, sitaki kuliuza kwa vyuma chakavu. Baba yenu alibebea watu. Likiwaka, libebe watu. Lisipowaka, mlirudishe mahali pake, kuku wangu wamelizoea."

Tukauliza kwa wanaojua. Wakatushauri tusihangaike na injini ya zamani, ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Tutafute ya Toyota aina ya 3L, ya dizeli, sentimita za ujazo 2,779, kama zilizomo kwenye Hiace nyingi. Sababu yao ilikuwa nyepesi: Hiace zimebeba abiria nchi nzima, kwa hiyo vipuri vyake viko kwenye kila duka la vipuri pale mjini, na kila fundi anaijua. Tukachanga. Mfuko wa jumuiya ukatoa sehemu, na sehemu nyingine ikatoka kwenye mnada wa Jumapili, pale mikungu ya ndizi, mayai na jogoo wa sadaka vinaponadiwa nje ya kanisa. Injini ikapatikana katika mji mwingine kwa shilingi 2,200,000. Tuliisikia ikiunguruma mbele yetu dakika kumi. Haikutoa moshi mbaya wala haikuvuja.

Kazi ilikuwa kila Jumamosi mchana, nyuma ya nyumba ya mwashi. Tulisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, tukaifunga juu, tukaning'iniza chenibloki ya kuazima na kuitoa injini ya zamani. Ilipoachia, gari liliinuka mbele kama punda aliyetuliwa mzigo. Watoto walishangilia. Tulidhani sehemu ngumu imekwisha.

Injini ya Japani na giaboksi ya Uingereza hazikuzaliwa pamoja. Matundu ya bolti hayalingani, na shafti ya giaboksi haifikii mahali pake. Dawa yake ni sahani nene ya chuma inayokaa kati ya hizo mbili: upande mmoja ina matundu ya Toyota, upande wa pili matundu ya Land Rover. Tulimpata mzee mmoja aliyejifunza ukerezaji katika kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kule Hai. Alikuwa amestaafu, lakini macho yake bado makali. Alitueleza kwamba ncha ya shafti ya giaboksi huingia kwenye beringi ndogo iliyo katikati kabisa ya injini, nyuma ya klachi. Sahani ikikaa upande kwa nusu ya milimita tu, hakuna atakayeona. Gari litawaka, litatembea, watu watapiga makofi. Lakini kila mzunguko utakula beringi kidogo kidogo, mpaka siku ambayo giaboksi itavunjika mlimani na watu wamo ndani.

"Bolti husamehe," alituambia. "Senta haisamehi."

Aliipima sahani ile kwa saa ya kupimia, akaitoa, akaikereza tena, akaipima tena. Ilimchukua wiki tano. Alikataa malipo ya kazi, akapokea bei ya chuma na ya umeme.

Baada ya hapo yakaja mengine. Sampu, lile bakuli la oili, iligusa ekseli ya mbele. Ikabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Maunti za kushikia injini zikachomelewa kwenye chesisi. Rejeta ikasogezwa mbele. Mkanda wa taimingi ukanunuliwa mpya. Nyaya za umeme zilituchukua mwezi mzima, maana panya walikuwa wamezila. Kuna Jumamosi tulifanya kazi saa sita na mwisho wa siku tukawa tumefunga bolti mbili tu. Mwalimu alisema kazi ile inafanana na kufundisha darasa la kwanza kusoma: unarudia jana, unarudia juzi, halafu siku moja mtoto anasoma na hujui ilitokea saa ngapi.

Tulipoiwasha mara ya kwanza ilikuwa Novemba. Mchungaji alikuja. Kijana wetu wa bodaboda, ambaye hafichi maneno, alimwuliza kama si afadhali angoje kwanza iwake ndipo aombe, asije akaaibika. Mchungaji akacheka. "Mimi nawaombea ninyi," akasema, "chuma mtakifunga wenyewe." Akaomba. Hita zikapata moto, mzee wetu akazungusha ufunguo, na mtaa mzima ukasikia. Mama mwenye gari alikaa kwenye kiti cha mbele akalia kimya kimya, mikono yake juu ya dashibodi.

Jumamosi iliyofuata tulipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu wanane na kulijaribu kwenye mlima. Kona ya kwanza likapanda. Kona ya pili likapanda. Kwenye kona ya tatu mshale wa joto ukaenda mwisho, na maji yakachemka yakaruka. Tulibadilisha gasketi, tukasafisha rejeta, tukajaribu tena. Hali ile ile. Fundi wa mjini alipofungua alituonyesha. Silinda hedi ilikuwa na ufa kati ya vali. Ufa ule ulikuwa umezibwa kwa gundi ya chuma, ukasuguliwa na kusawazishwa kwa ustadi. Injini ikiwa baridi hauonekani na hauvuji. Ikipata moto na mzigo, unafunguka. Aliyetuuzia hakupokea simu tena.

Silinda hedi mpya ilihitaji shilingi 900,000, na mfuko ulikuwa mtupu. Katika kikao cha jumuiya wengine walisema tuliuze gari lote lilivyo. Wengine walisema huenda Mungu hataki. Muuguzi wetu akauliza kwa upole, "Mungu hataki wagonjwa wafike hospitali?" Hakuna aliyejibu.

Hapo ndipo jaribu lenyewe lilipokuja, na halikuja na pembe wala mkia. Lilikuja na mtu mpole, mwenye Hiace moja ya abiria, aliyesikia kwamba tuna silinda hedi ya 3L. Yake ilikuwa imekufa. Alikuwa na shilingi 450,000 mfukoni. Ile yetu ilikuwa imewekwa kwenye turubai, imesafishwa. Ule ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, na wa kuuziba tena hawakukosekana. Aliiinua, akaigeuza, akasema, "Hii inanifaa."

Kijana wetu alituvuta pembeni. Maneno yake hayakuwa ya mtu mbaya, na hatutaki msomaji amdhanie hivyo. Alisema: "Na sisi tuliuziwa hivi hivi. Hela hii ni nusu ya mpya. Tukiikataa, gari halitatembea kabla ya masika. Mimi ndiye ninayewabeba hao wagonjwa kwenye pikipiki. Ninyi hamjui ilivyo."

Ilikuwa kweli. Sisi wengine hatukujua ilivyo.

Mzee wa kanisa alinyamaza kwa muda, kisha akasema maneno matano: "Lakini huyu naye ana abiria." Tukafikiri habari ya abiria wale. Watakuwa kwenye barabara kuu, mchana, gari limejaa, injini inachemka, dereva analazimisha afike kituoni. Hatuwafahamu. Wana mama zao wanaowangoja. Mwalimu akarudi pale kwenye turubai, akamwonyesha yule mtu ufa kwa ncha ya msumari. Mtu yule alishukuru, akaondoka na fedha yake. Silinda hedi tukaiuza kwa kilo, ikatupa shilingi 18,000.

Tungependa kuandika kwamba wiki ile ile bahasha ilikuja kutoka kwa ndugu aliye Dar es Salaam, na gari likawaka. Katika vitabu kama hiki habari za namna hiyo zipo, na wanaozisimulia wanasema kweli. Kwetu haikuwa hivyo. Masika yalianza na gari liko juu ya mawe.

Usiku mmoja wa Aprili, bibi mmoja wa jumuiya yetu alizidiwa. Alikuwa anashindwa kupumua. Muuguzi wetu aliitwa, akaona kwamba lazima ateremshwe upesi. Mvua ilikuwa kubwa. Kijana wetu alimpakia kwenye pikipiki, binti yake akapanda nyuma kumshika, wakafunikwa turubai lile lile. Waliteleza mara mbili njiani. Walifika KCMC karibu na alfajiri, na bibi alipokelewa na kuhudumiwa. Siku ya tatu alifariki.

Je, angefika mapema kwa gari angepona? Hakuna aliyetuambia hivyo, wala hakuna aliyetuambia kinyume chake. Tulimzika kwenye kihamba chake, chini ya migomba, tukaimba. Baada ya maziko kijana wetu hakuonekana Jumamosi tatu. Hatukumwendea na maneno, maana hatukuwa nayo.

Jumamosi ya nne alikuja. Hakuja peke yake. Aliyekuja naye ni yule binti wa marehemu, na chupa ya chai mkononi. Akatusalimu, akamimina chai, akalizunguka gari akiligusa hapa na pale. Kisha akasema, "Mama alikuwa ananiuliza kila Jumapili gari limefikia wapi. Nimekuja kuona." Tukamwonyesha. Tulimweleza habari za sahani, za senta, za ufa na za yule mtu wa Hiace. Tulimweleza yote, kwa sababu alikuwa na haki ya kuyajua. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakutuhukumu na hakutusifu. Akauliza, "Inabaki shilingi ngapi?"

Jumapili iliyofuata alileta mkungu wa ndizi kwenye mnada, mkubwa kuliko yote, akaomba unadiwe kwa ajili ya gari. Ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanadiwa tena, mara nne. Kutoka hapo mambo yalikwenda polepole lakini hayakusimama. Julai tulinunua silinda hedi. Safari hii ilipimwa kwa maji yenye mgandamizo mbele ya macho yetu kabla hatujatoa fedha. Agosti gari lilipanda kona ya tatu, likapanda ya nne, na mshale wa joto ukakaa katikati. Likakaguliwa na askari wa usalama barabarani, namba mpya ya injini ikaandikwa kwenye kadi yake, bima ikakatwa. Abiria wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka tisa aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi na kuvunjika mkono. Alipiga kelele njia nzima, na mzee wetu alisema hajawahi kusikia kelele nzuri kama ile.

Tumeifikiri sana habari ya Msamaria Mwema. Wahubiri hutueleza moyo wake, mafuta yake, divai yake na fedha aliyomwachia mwenye nyumba ya wageni. Mara chache tunasikia habari za mnyama wake. Lakini yule aliyejeruhiwa alifika kwenye nyumba ya wageni kwa sababu kulikuwa na mnyama mwenye miguu mizima. Mtu alimlisha siku zile ambazo hapakuwa na majeruhi yeyote njiani. Alimnywesha jana na juzi, akamtoa mwiba kwato, akamfunga palipo salama usiku. Kazi hiyo haikuandikwa, maana haina la kusimulia. Nadhani sehemu kubwa ya utii wetu ni ya namna hiyo, na ndiyo maana tunaichoka upesi.

Tumefikiri pia juu ya namna mnyama yule alivyopatikana. Kama Msamaria angekuwa amemwibia mtu mwingine kwenye njia ile ile, majeruhi wangekuwa wawili. Hatukuona kwamba Bwana anatutaka tumwokoe wa mtaa wetu kwa kumwachia hatari wa mtaa mwingine. Hilo tunaliamini. Lakini kuliamini hakujamrudisha bibi yetu, na hatutaki kulisema kama watu ambao halikuwagharimu kitu. Kijana wetu mpaka leo hasemi kwamba tulipatia, wala hasemi kwamba tulikosea. Ndiye dereva wa zamu ya usiku. Hupima maji na oili kila jioni, hata siku ambayo gari halikutoka.

Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi miaka mingi hapa Old Moshi mpaka mwaka 1938, alifundisha kwamba kanisa la hapa lijengwe juu ya vifungo ambavyo Mungu alikwisha kuviweka: ukoo, ujirani na rika. Sisi sita si ukoo mmoja wala rika moja. Tuna ujirani tu, na sasa tuna gari. Tumeona kwamba vinatosha kuwafanya watu wakutane Jumamosi hata wakiwa na jambo zito kati yao wasilolimaliza.

Kwa wanajumuiya wasiofahamu utaratibu: gia ya pili bado ni ngumu kuingia, msishangae kelele. Wanaoweza huchangia dizeli, asiyeweza hadaiwi. Kila safari huandikwa kwenye daftari. Ufunguo huwa kwa muuguzi, nyumba ya pili baada ya daraja la mfereji. Ukija usiku usigonge mlango, maana hasikii vizuri. Gonga dirisha la upande wa migomba, kwa nguvu, naye ataamka.